Shinikizo la Damu Lijifichalo: Tofauti ya Wanaume na Wanawake

Shinikizo la damu ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za ateri. Huandikwa kwa tarakimu mbili, katika milimita za zebaki: ya juu huonyesha moyo unapojikaza, na ya chini unapolegea. Upimaji tuujuao ulitokana na mkanda wa mkononi alioubuni Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na njia ya kusikiliza sauti za ateri aliyoieleza Nikolai Korotkoff wa Urusi mwaka 1905. Tangu hapo kipimo cha kliniki kimekuwa kama hakimu: kwa desturi, mtu mzima apimwaye mara kadhaa na kupatikana na 140/90 au zaidi huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu.

Je, hakimu huyu hakosei? Tuwafikirie walimu wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume apimwapo kliniki huwa na 128/82, akaambiwa kuwa yu mzima. Lakini shuleni, katikati ya vipindi na baada ya sigara, shinikizo lake hupanda hadi 146/94 bila yeye kuhisi lolote. Mwanamke hupatikana na 150/94 kliniki. Nyumbani kwake, akiwa ametulia, ana 122/78. Kila mmoja amepewa jibu lisilo lake.

Hali ya mwalimu wa kwanza huitwa shinikizo la juu lililojificha, jina lililopendekezwa na Thomas Pickering na wenzake mwaka 2002. Hali ya wa pili huitwa shinikizo la koti jeupe, kwa kuwa huletwa na wasiwasi wa kuwa mbele ya mganga. Chunguzi nyingi zimeonyesha kwamba ya kwanza huonekana zaidi kwa wanaume, na ya pili zaidi kwa wanawake. Tofauti hii ina uzito, kwani lililojificha ndilo la hatari zaidi: huudhuru moyo, ubongo na figo karibu sawa na lililo dhahiri, ilhali mwenye nalo hatibiwi.

Sababu ni nini? Sehemu moja ni ya maumbile. Homoni ya estrojeni husaidia ateri kutanuka. Kwa hiyo kabla ya kukoma hedhi, wanawake kwa wastani huwa na shinikizo la chini kuliko wanaume wa rika lao. Sehemu nyingine ni ya mwenendo. Nikotini hubana mishipa na kuharakisha mapigo ya moyo kwa muda. Pombe nyingi na mkazo wa kazi pia hupandisha shinikizo. Mahali pengi duniani wavutaji na wanywaji wengi ni wanaume. Mvutaji akingoja zamu yake kliniki bila sigara, athari hiyo huanza kupungua kabla hajamfikia mganga.

Hata hivyo, mwanafunzi asichanganye wastani wa kundi na hali ya mtu mmoja. Wako wanawake wengi wenye shinikizo lililojificha, hasa wenye kisukari, ugonjwa wa figo au unene wa kupindukia. Hedhi ikishakoma, kinga ya estrojeni hupungua. Tena, uchambuzi wa takwimu za nchi kadhaa, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa shinikizo la usiku likipanda, hatari ya wanawake huongezeka kwa kasi zaidi kuliko ya wanaume, ingawa kwa jumla hatari ya wanaume ni kubwa zaidi. Na usingizini ndiko mkanda wa kliniki usikofika.

Dawa ya udanganyifu huu ni kupima nje ya kliniki. Kiko chombo kivaliwacho saa 24, kipimacho chenyewe kila baada ya dakika 15 hadi 30, mchana na usiku. Kisipopatikana, mtu aweza kujipima nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba, mara mbili kila safari. Kwanza aketi kimya dakika tano, ameegemea, nyayo zikiwa chini na mkono ukilingana na moyo. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Wastani ukifika 135/85, amwone mganga akiwa na daftari lake la vipimo, hata kama jana tu aliambiwa kuwa yu mzima.