Kidude cha Kukoroma Kwenye Begi la Kwenda Newala

Likizo inapokaribia, orodha ya maombi kutoka nyumbani hurefuka: simu, viatu vya shule, miwani ya kusomea. Siku hizi limeongezeka ombi jingine. Wazee wetu wa Masasi na Newala, au tuseme wake zao, wanataka kile kidude cha kuzuia kukoroma walichokiona kwenye simu. Nyumba nyingi za kule hazina dari. Ukuta unaishia chini ya bati, na sauti ya mtu mmoja hupita juu hadi chumba cha watoto. Ombi hilo ni la nyumba nzima, na wana haki nalo.

Likizo iliyopita nilibeba vifaa kadhaa vya aina hiyo, tukavijaribu na mjomba wangu, mkulima wa korosho Newala, pamoja na jamaa waliopo Masasi. Nawaandikia ndugu zangu mlio huku Ulaya mnaofungasha mabegi mwaka huu ili mjue kila kifaa kinafanya kazi gani, na kwa nini wako watu ambao kifaa cha dukani kitawachelewesha tu kupata tiba.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kaakaa laini, kimio na shina la ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na pumzi ikilazimisha kupita, nyama hizo hutikisika mithili ya turubai la kufunikia magunia ya korosho likipigwa na upepo. Huo ni mkoromo wa kawaida. Kwa wengine njia huziba kabisa. Pumzi hukatika sekunde kumi au zaidi, oksijeni kwenye damu hushuka, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu nusunusu ili avute hewa, kisha yanaanza upya. Anaweza kupitia hayo mara nyingi kila saa, na asubuhi asikumbuke lolote isipokuwa uchovu na kichwa kuuma. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine yalikuta karibu watu bilioni moja duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili. Linaambatana na shinikizo la damu, hasa lile linalokataa kushuka hata kwa dawa, na kwa dereva ni ajali inayosubiri kutokea.

Kwetu kuna mambo mawili yanayochochea kukoroma ambayo kijikaratasi cha ndani ya boksi hakiyataji. La kwanza ni salfa. Kati ya Juni na Agosti mikorosho hupuliziwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, na vumbi lake huwasha macho, pua na koo. Mkulima anayeshinda shambani bila barakoa hurudi na pua iliyovimba ndani, akalala mdomo wazi. La pili ni mabibo. Msimu wa korosho ukifika, uraka, ile pombe ya mabibo, unanywewa kila kijiji, na nipa, ile kali ya kutonesha, haiko mbali. Pombe ya jioni hulegeza misuli ya koo kupita kiasi, hata asiyekoroma siku zote akakoroma. Anayeacha kunywa saa chache kabla ya kulala anaweza kupata nafuu bila kununua chochote.

Basi tulianza na pua. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, unasafisha pua jioni baada ya shamba. Yachemshwe kwelikweli, maji ya kisima au ya tangi yasiingie puani hivihivi. Baada ya hapo tukajaribu vile vibandiko vya juu ya pua vinavyovuta mbawa za pua zipanuke. Newala, juu ya mwinuko, usiku una baridi na vilikaa hadi asubuhi. Masasi, chini ya mwinuko, jasho lilivibandua kabla ya usiku wa manane hadi tulipojifunza kuosha pua kwa sabuni na kuikausha vizuri kwanza. Vilimsaidia jamaa ambaye shida yake ilikuwa pua. Kwa mjomba havikubadilisha kitu, kwa sababu kwake kinachoziba ni koo.

Ile tepu ya kufunga mdomo inayosifiwa sana mitandaoni sikuibeba, na nawasihi msiibebe. Mtu aliyezibwa pua na salfa ukimfunga na mdomo, apumulie wapi?

Kifaa kilichotupa kazi ni kile cha mdomoni kinachosukuma taya la chini mbele kidogo, ili ulimi nao usogee mbele na kuacha njia. Vile vya bei nafuu hufinyangwa nyumbani. Tulichemsha maji kwenye jiko la mkaa, kifaa kikatumbukizwa hadi plastiki ikalainika, kikatolewa kwa kijiko, mjomba akakiuma huku amesogeza taya mbele, akabana midomo na kunyonya ili plastiki ishike umbo la meno. Mara ya kwanza kilikaa upande, ikabidi tuchemshe tena. Usiku alikoroma kidogo kuliko kawaida yake, lakini alijaa mate mdomoni na asubuhi taya lilimuuma. Maumivu ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Tatizo kubwa ni kwamba kifaa hiki kinahitaji meno imara ya kushikilia, na wazee wetu wengi wameshang'olewa magego. Asiye na meno ya kutosha, mwenye meno yanayocheza au fizi zinazotoka damu hakimfai. Kile kinachotengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha kinywa cha mtu ni bora kuliko hiki cha kuchemsha, ila huwezi kumnunulia mtu aliye mbali.

Kilichosaidia zaidi hakikutoka Ulaya. Shangazi alishona kifuko cha kanga mgongoni mwa fulana ya kulalia, akakijaza korosho ghafi. Mjomba akigeuka chali, zinamchoma, anarudi ubavu. Anayekoroma akilala chali hunufaika sana na ubavu, kwa kuwa ulimi hauporomoki tena kooni.

Hata hivyo kelele kupungua hakumaanishi kwamba pumzi imeacha kukatika, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Tulimrekodi mjomba kwa simu. Anakoroma, ghafla kimya, kimya kinaendelea hadi unataka kuingia chumbani umtikise, halafu anavuta pumzi kwa kishindo. Shangazi amesikia hayo kwa miaka akidhani ni uchovu wa shamba. Yako maswali manane yaliyotungwa Toronto na Frances Chung na wenzake, yakachapishwa mwaka 2008, ambayo unaweza kuuliza kwa simu ukiwa popote: anakoroma kwa nguvu? Anasinzia mchana? Kuna aliyemwona pumzi ikikatika? Ana shinikizo la damu? Ni mnene sana? Amepita miaka 50? Shingo yake inazidi sentimita 40? Ni mwanamume? Majibu ya ndiyo yakifika matatu kuna shaka, yakifika matano shaka ni kubwa. Huyo pesa ya kidude imsafirishe hospitali. Mkomaindo iko Masasi mjini, Ndanda iko njiani kwenda Mtwara, na kupima shinikizo ndiyo hatua ya kwanza.

Watoto wasipewe kifaa chochote. Mtoto anayekoroma kila usiku mara nyingi ana nyama za puani au mafindofindo makubwa, na daktari wa pua, koo na masikio anaweza kuziondoa. Kumpeleka kukatwa kimio kwa mtaalamu wa kienyeji kunamwachia damu na maambukizi, na nyama za puani zinabaki palepale.

Tiba yenye nguvu kwa pumzi inayokatika ni mashine ya CPAP, aliyoibuni Colin Sullivan kule Sydney na kuieleza mwaka 1981. Inasukuma hewa kupitia kinyago ili koo lisizibe. Msukumo wake hupangwa kwa vipimo, kwa hiyo usimtumie mtu ambaye hajapimwa. Kwa aliyekwisha kupimwa, jambo la umeme lina njia: adapta nyingi hupokea volti 100 hadi 240, plagi ya Uingereza inaingia kwenye soketi ya nyumbani bila shida, na ziko zinazoweza kutumia betri kwa waya wa mtengenezaji, jambo la maana pale umeme unapokatika. Kitangi cha unyevu hutaka maji yaliyotoneshwa. Juu ya mwinuko, ambako maji yoyote ni ya kutafutwa, kizimwe tu, na betri nayo itadumu zaidi.

Mashine za mitumba mziogope. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita zirudishwe mamilioni ya mashine zake, DreamStation za kwanza zikiwemo, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele inaweza kumeguka na kuvutwa na mgonjwa. Ukiuziwa moja kwa bei ya kutupwa, hakiki namba yake kwanza.

Na tulio huku tujiangalie pia. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu na wengine tunaendesha malori. Uingereza, mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini kwa kiwango cha kati au kikubwa, likiambatana na usingizi mzito wa mchana, lazima aijulishe DVLA, mamlaka ya leseni za udereva. Wapo wanaoogopa kupima wakihofia leseni, ilhali tiba ikishika dereva anaweza kurudi barabarani.

Mjomba alipopimwa, shinikizo lilikuwa juu na sasa anameza dawa. Kifuko cha korosho bado anakivaa. Safari ya Dar es Salaam ya kupimwa usingizi tumeipanga baada ya minada, fedha za korosho zikishaingia, na sisi wa huku tumekubaliana kujazia nauli.