Ngoma ya Mlima Tamalpais

Baadhi ya wasomaji watashangaa kuona ukurasa huu umepewa dansi. Mimi nina miaka 19, na mara nyingi nimewasikia wenzangu wakisema ya kuwa dansi ni mchezo wa Jumamosi usiku tu, na mtu apendaye habari za misitu na udongo, basi na asome kilimo. Nataka kuwaeleza habari za mtunga dansi mmoja wa Marekani ambaye hakukubali kuvitenga vitu hivyo viwili.

Jina lake Anna Halprin. Alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Illinois, akafa California mwaka 2021, hali ametimiza miaka 100. Mumewe, Lawrence, alikuwa bingwa wa kupanga bustani na viwanja vya miji. Walikaa katika mteremko wa mlima Tamalpais, kaskazini ya San Francisco, na katika miaka ya 1950 mume alimjengea mkewe jukwaa la mbao nje ya nyumba, katikati ya miti. Halina paa wala pembe nne kama ukumbi. Limefuata mteremko na miti yenyewe. Katika ukumbi mchezaji hujua mbele ni wapi, maana ndiko waliko watazamaji. Msituni hapana mbele. Bibi huyo akaziacha kidogo kidogo hatua za kujipamba alizofundishwa, akatumia mambo ambayo kila mwili huyajua: kutembea, kukaa, kubeba mzigo, kukimbia.

Wala hakuwafundisha wachezaji hodari peke yao. Baada ya ghasia za mwaka 1965 huko Watts, mtaa wa watu weusi katika Los Angeles, aliombwa kufanya kazi na vijana wa pale. Akafundisha kundi la weusi Watts na kundi la weupe San Francisco, kila moja mbali na lenziwe; kisha akawakutanisha, na hayo yaliyotokea kati yao, pamoja na hofu na ubishi, ndiyo yaliyokuwa mchezo wenyewe. Ulionyeshwa Los Angeles mwaka 1969.

Lakini habari iliyonifanya nishike kalamu ni ya mlima. Tangu mwaka 1979 mtu mmoja alikuwa akiwavizia watu katika njia za Tamalpais na kuwaua, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Watu wakaogopa kupanda mlima walioupenda. Wakati huo bibi Halprin na mumewe walikuwa wakiwafundisha watu wa jirani kutunga ngoma kutokana na mahali wanapokaa, na watu hao walipochora picha, mlima ulitokea tena na tena. Mwezi wa Aprili 1981 wakacheza ngoma kwa ajili ya mlima huo, kisha wakaenda pamoja katika njia zile zile za mauaji. Mwuaji alikamatwa mwezi wa Mei.

Wako wasemao kwamba ngoma ndiyo iliyomkamata. Mimi siamini, polisi walimpata kwa upelelezi na kwa ushahidi wa watu. Hata hivyo, polisi hawawezi kumrudisha mama na watoto wake katika njia anayoiogopa. Kazi hiyo ilifanywa na miguu ya watu wengi. Baadaye mzee mmoja wa kabila la Huichol, kutoka Mexico, aliwaambia ya kuwa mlima wataka ngoma hiyo miaka mitano. Wakarudi mwaka kwa mwaka, na hata miaka hiyo ilipokwisha hawakuacha. Siku hizo ngoma ikapata umbo jipya na jina la Ngoma ya Dunia, ikaenea katika nchi nyingine pia.

Sehemu yake kubwa ni mbio. Wapiga ngoma hukaa katikati ya uwanja. (Sisi chombo twakiita ngoma na mchezo twauita ngoma, hapa jina lafaa mara mbili.) Watu hukimbia katika duara moja nje ya nyingine, wakifuata pigo moja. Achokaye huingia duara ya ndani akatembea; asiyeweza kutembea husimama au hukaa, naye bado yumo. Hapana mashindano.

Ila kabla ya kuanza, kila mmoja hutangaza kwa sauti anakimbia kwa ajili ya nani au nini: mgonjwa wake, mto uliochafuka, watoto wa nchi yenye vita. Nadhani hapo ndipo penye ugumu. Kukimbia katika kundi ni rahisi, maana mtu aweza kujificha kati ya migongo ya wenzake. Lakini yeye aliyekwisha kuutaja mto mbele ya jirani zake wote, kesho wataonana naye kando ya mto huo huo.