Viputo Vinavyomkosesha Mathe Mbolea

Mwaka 2022, gunia la kilo 50 la DAP lilipita Sh6,000. Mathe, ambaye ana kashamba ka mahindi na kahawa huku Embu, alinunua nusu ya alichohitaji. Serikali ilishusha bei hadi Sh3,500, kisha Sh2,500 mwaka 2023, lakini msimu ule mavuno yalikuwa yashaenda. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, kwa hivyo hakukuwa na wa kulaumu mwingine nyumbani.

Hapo ndipo nilianza kujiuliza: kwani mbolea inatengenezwa na nini?

Kiungo kimoja kikuu ni amonia: nitrojeni ya hewani ikiunganishwa na haidrojeni. Viwanda vingi duniani hutoa haidrojeni hiyo kwenye gesi asilia, ndiyo maana vita vikizuka mbali, bei inapanda hadi Runyenjes. Lakini haidrojeni iko pia kwenye maji. Pitisha umeme, itoke. Kampuni ya Marekani, Talus, tayari imeweka mtambo wa hivyo kwenye shamba la Kenya Nut, si mbali na Nairobi. Unatumia sola, na ulijengwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku.

Sasa shida iko wapi? Jaribu hii. Weka maji kwenye glasi, ongeza magadi ya kupikia githeri, tumbukiza misumari miwili iliyounganishwa na betri ndogo. Ona ule msumari wa upande hasi: viputo vinaganda kila mahali. Palipo na kiputo, maji hayagusi chuma, na umeme haufanyi kazi. Ni kama matatu pale Makutano, Meru. Wanaoshuka wakisimama mlangoni, nyinyi mnaopanda mtakaa nje, hata viti vikiwa wazi.

Vipande hivyo vinavyopitisha umeme majini huitwa elektrodi. Baadhi hutengenezwa kwa sponji ya nikeli, yenye matundu yasiyo na mpango, na viputo hunasa ndani. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na maabara ya Lawrence Livermore walichapa elektrodi ya nikeli kwa printa ya 3D, matundu yakipangwa kama vyumba vya gorofa. Viputo vikapata njia ya kutoka. Ukipunguza msongamano huo, umeme uleule unakupa haidrojeni zaidi.

Printa nyingine hutumia leza kuyeyusha unga wa metali, tabaka juu ya tabaka. Bei yake si ya kuchezea. Lakini mchoro wenyewe hutengenezwa kwa kompyuta, na programu kadhaa za kuchora 3D ni za bure.

Nimeanza kujifunza moja kwenye saiba hapa mjini. Mathe bado anauliza narudi chuo lini. Nikamwonyesha ule msumari kwenye glasi. Akaangalia, akanyamaza kidogo.

"Sawa," akasema. "Lakini magadi yangu utarudisha."