Ngeli za Tarakimu na Mteremko wa Lahaja: Kutoka Mjini hadi Kizimkazi

Kila msemaji wa Kiswahili ajua kwamba jina halisimami peke yake: huja na ngeli yake, na maneno mengine hulifuata. Mtu akisema "kiti mrefu", sikio humkataa papo hapo. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba programu za kompyuta nazo zina ngeli zake, ila kompyuta haina sikio kama letu. Na kwamba mtaalamu wa lahaja asiyezijua ngeli hizo aweza kuifuta kwa mkono wake tofauti ileile aliyotoka kuitafuta.

Yafaa tueleze istilahi kwanza. Kigeu ni jina katika programu lichukualo thamani iwezayo kubadilika. Kila kigeu kina aina yake: kiko kigeu cha namba kamili, kama 0, 1 na 2, na kiko cha desimali, kama 0.6. Mteremko ni kiasi cha mabadiliko kwa kila hatua ya masafa. Mlima una mteremko wake, na lahaja pia.

Tuchukue njia itokayo Mjini Unguja, ikapita Tunguu, Jozani na Kitogani, hata kufika Kizimkazi, mahali penye msikiti wa kale ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Mjini ndiko kwenye lahaja iliyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kusini husikika Kikae, kiitwacho pia Kimakunduchi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika orodha ya maneno 100 twakuta 30 yanayotofautiana baina ya ncha mbili za njia hiyo, na kwamba masafa ni kilometa 50. Mteremko ni 30 kugawa kwa 50, yaani 0.6: neno moja hubadilika katika kila kilometa moja na theluthi mbili.

Katika uigaji wa kuenea kwa lahaja, mteremko ndio injini. Kwa kila hatua ya wakati, kila kijiji husogea kidogo kuelekea majirani zake, kwa kadiri ya mteremko ulioko kila upande. Mteremko ukiwa sufuri kila mahali, hakuna kinachosogea.

Sasa tutazame lugha ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 na ambayo hata leo yatumika katika hesabu za hali ya hewa na bahari. Kwa desturi yake, kigeu kisichotangaziwa aina hupewa aina kwa herufi yake ya kwanza: herufi I hadi N ni za namba kamili, nyingine zote ni za desimali. Desturi hii ilitokana na mazoea ya wanahisabati kuhesabia kwa i na n. Lakini msomaji na atazame viambishi vyetu: ki-, m-, ma-, n-. Karibu vyote vimo baina ya I na N! "Idadi" yawa namba kamili, na ni sawa. "Masafa" yakatwa desimali zake. "Nusu" yawa sufuri. Na "mteremko" wa 0.6 wawa sufuri vilevile, kwa maana namba kamili haikadirii kwa kupanda bali hutupa kilichobaki.

Mimi mwenyewe niliwahi kuandika programu ya namna hiyo kwa majina ya Kiswahili. Ilikwenda bila lalamiko lolote, ikanionyesha vijiji vimetulia karne nzima, nami nikaanza kuandika maelezo ya "uthabiti wa lahaja za kusini". Uthabiti huo haukuwa wa wasemaji. Ulikuwa wa herufi M.

Dawa ni tatu. Kwanza, kila kigeu kitangaziwe aina yake waziwazi. Tangu Fortran 90, kanuni rasmi yaruhusu tamko moja la kuifuta desturi ya herufi. Pili, kila kitu kiwekwe katika ngeli yake: idadi ya maneno ibaki namba kamili, kwani hakuna asemaye nusu ya neno, mteremko uwe desimali. Tatu, programu ijaribiwe kwanza kwa hesabu ambayo jibu lake lajulikana kwa karatasi na kalamu.

Tangu Jean Séguy alipoanza kuzipima lahaja za Gascogne kwa tarakimu, kazi ya namna hii imeenea. Kwa Kikae tunayo hazina: msamiati wa Haji Chum na sarufi ya Odile Racine-Issa ya mwaka 2002. Hazina hiyo ilikusanywa vinywani mwa watu, neno kwa neno. Ingekuwa hasara kubwa tofauti walizozihifadhi wazee wa kusini zigeuke sufuri mezani petu, kisha tuseme hazikuwako.