Spidi Inamangwa Njiani

Wasee, ukichomeka kebo ya megabiti 100 kwa laptopu na daunlodi igote kwa 94 hivi, usianze kuteta. Hakuna mwizi. Kila paketi ina heda, yaani lebo ya mbele ya kuonyesha inaenda wapi, na heda pia inalipiwa nafasi kwa waya.

Cheki Ethernet, ile ya kebo. Fremu, yaani bahasha ya paketi, ikibeba baiti 1,500, kuna 14 za heda, 4 za kucheki makosa, 8 za kuamsha ile mashini inapokea, na nafasi ya 12 kabla ya fremu ingine kuingia. Jumla 38. Ndani ya hizo 1,500, heda za IP na TCP zinajikatia 40. Mzigo wako unabaki 1,460 kati ya 1,538, karibu asilimia 95. Manze, hiyo ni fiti sana.

ATM, ile teknolojia ya masimu iliwaka sana miaka ya 90, ilikuwa inamanga zaidi. Seli yake ni baiti 53: mzigo 48, heda 5. Asilimia 9 imeenda hata kabla IP haijachukua yake. Hiyo 48 yenyewe ilikuwa maelewano: Ulaya walidai 32, Marekani wakadai 64, wakakutana katikati.

Wi-Fi ndio noma, juu inamanga time. Hewa ni moja, so kila simu kwa keja inangoja zamu. Ukituma fremu, unangoja jibu kwamba imefika. Na mwanzo wa kila fremu unatumwa polepole ndio hata simu mzee iskie. Ndio maana Wi-Fi ya 802.11b ya 1999 iliandikwa megabiti 11 na mkononi ukapata kama nusu. 802.11n ya 2009 ilikam na form safi: fremu kibao zinafungwa pamoja, jibu linakuwa moja.

Paketi ndogo ndio zinaumia zaidi. Ukibonga kwa intaneti na kodeki ya G.729, ile ya kufinya sauti, paketi ya kawaida ina baiti 20 za sauti, na heda za IP, UDP na RTP ni 40. Hiyo ni mat inabeba abiria mmoja, na ndani kuna dere na konda.

So kama unagemu ama unastrimu ukiwa keja, tafuta kebo uchomeke, hewa uiachie simu za mbogi. Na ukiuziwa ruta kwa namba kubwa ya kwa boksi, uliza swali moja: heda zikishakata na foleni ikishaisha, mimi nabaki na ngapi?