Tishu: aina zake, kazi zake, na safari ya kimelea cha malaria katika Bonde la Kilombero

Tishu ni kundi la seli zenye asili moja na umbo linalofanana, pamoja na maada iliyo kati yake, ambazo hushirikiana kufanya kazi maalumu mwilini. Seli huunda tishu, tishu huunda ogani, ogani huunda mfumo, na mifumo yote kwa pamoja ndiyo mwili. Nomino hii imo katika ngeli ya I-/ZI-: tishu hii imeharibika, tishu hizi zimeharibika.

Kiswahili kina tishu nyingine, ile ya dukani, yaani karatasi laini ya kufutia. Maneno haya mawili yametoka katika neno moja la Kiingereza, nalo lilitoka katika Kifaransa, ambako maana yake ni kitu kilichofumwa. Moja limeingia kwetu kwa mlango wa maabara na jingine kwa mlango wa duka. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayeambiwa kwamba tishu yake itapelekwa kupimwa anaweza kustaajabu, ilhali akiambiwa kwamba atakatwa kinyama kidogo kikapimwe, ataelewa mara moja. Mfasiri wa maandishi ya hospitali afanye vyema kuyatumia yote mawili: tishu kwa usahihi, kinyama kwa ufahamu. Hata hivyo kinyama hakitoshi kila mahali, kwa kuwa damu nayo ni tishu, na hakuna anayeiita damu nyama.

Mfaransa Xavier Bichat, aliyefariki mwaka 1802, aliorodhesha tishu 21 za mwili wa binadamu bila kutumia hadubini. Alizitambua kwa kupasua maiti, kukausha, kuchemsha na kulowesha vipande vyake. Hadubini ilipoanza kutumiwa ipasavyo, orodha hiyo ilipunguzwa hadi aina kuu nne zinazofundishwa leo: tishu za epithelia, tishu unganishi, tishu za misuli na tishu za neva.

Kukariri majina manne ni kazi rahisi. Kuona jinsi tishu hizo zinavyotegemeana ni kazi nyingine, na katika Tanzania ni vigumu kupata mahali panapoonyesha jambo hilo kwa uwazi kuliko Ifakara na Bonde la Kilombero. Hapa ni nchi ya mpunga, mito na mafuriko, kwa hiyo ni nchi ya mbu pia. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha Ifakara maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya ukanda wa tropiki. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya bonde hili walikadiria kwamba mkazi mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara mamia kwa mwaka. Kimelea kinachopita katika mwili wa mtu huyo hupitia karibu kila aina ya tishu, na kila moja hukipokea kwa namna yake.

Kizuizi cha kwanza ni epithelia, yaani tishu ya kufunika. Seli zake zimebanana kama matofali yaliyojengwa bila nafasi, nazo hukaa juu ya utando mwembamba wa msingi. Tabaka la nje la ngozi ni epithelia yenye safu nyingi. Seli mpya huzaliwa chini, husukumwa juu, hukauka, hufa na kupukutika. Mkulima anayetembea peku kwenye majaruba ana safu nene zaidi nyayoni kuliko kwenye kope, kwa maana tishu hii hujiongeza pale inaposuguliwa. Ndani ya mapafu epithelia ni safu moja tu, nyembamba kiasi cha kupitisha hewa. Ndani ya utumbo mwembamba ina vinyweleo vidogo vya kufyonza chakula. Tezi za jasho, mate na maziwa ni epithelia iliyojikunja ndani na kupewa kazi ya kutoa majimaji. Jasho hilo, likichanganyika na kazi ya bakteria waishio juu ya ngozi, hutoa harufu inayomwita mbu, na watafiti wa Ifakara wameitumia harufu ya namna hiyo kutengenezea mitego.

Jambo moja kuhusu epithelia husahauliwa mara kwa mara katika mitihani: haina mishipa ya damu. Chakula chake huipata kwa kupenyeza kutoka tishu iliyo chini yake. Mbu, kwa hiyo, hawezi kushiba kwa kugusa tabaka la nje. Hana budi kulitoboa na kupeleka mdomo wake hadi tabaka la ndani la ngozi, ambako kuna mishipa midogo sana iitwayo kapilari.

Tabaka hilo la ndani ni tishu unganishi. Hapa seli zimetawanyika, na kilicho kingi ni maada iliyo baina yake: nyuzi za kolajeni zinazozuia kuchanika, nyuzi za kunyumbuka, na ute. Maada hiyo ndiyo inayotofautisha jamii yote ya tishu unganishi. Ikiwa ngumu kwa madini ya kalisi, tishu huitwa mfupa. Ikiwa imara lakini yenye kunyumbuka, huitwa gegedu, kama lile la sikio na ncha ya pua. Ikiwa ni nyuzi zilizolazwa pamoja upande mmoja, huwa kano, inayounganisha msuli na mfupa. Ikiwa imejaa seli zilizohifadhi mafuta, ni shahamu. Na ikiwa ni majimaji, tishu hiyo ni damu. Wanafunzi wengi hushangaa kuiona damu katika orodha moja na mfupa. Undugu wao hauko katika sura bali katika asili: seli za zote mbili hutokana na tishu ile ile ya kiinitete, na seli za damu huendelea kutengenezwa ndani ya mfupa, katika uboho, maisha yote.

Mbu anapotafuta kapilari humwaga mate, na pamoja na mate huingia vimelea vyembamba viitwavyo sporozoiti. Hivi hutambaa baina ya nyuzi za ngozi hadi vipate kapilari, kisha damu huvipeleka kwenye ini. Vinaweza kufika huko kabla saa moja haijapita.

Seli za ini ni za jamii ya epithelia, ingawa hazifuniki chochote. Zimejipanga kwa safu ili kuchuja, kuhifadhi na kutengeneza, nyongo ikiwa mojawapo ya mazao yake. Katika aina ya malaria iliyo hatari zaidi, kimelea hukaa ndani ya seli ya ini kwa muda wa takriban juma moja, na kutoka seli moja huzaliwa vimelea vipya makumi elfu. Wakati huo wote mtoto hana homa. Hucheza, hula, hulala vizuri. Ini ni ogani kubwa, seli zinazovamiwa ni chache, na tishu yake ina uwezo mkubwa wa kujirudishia ilichopoteza.

Mapambano ya chanjo nayo yanaweza kuelezwa kwa tishu. Chanjo ya SPf66, iliyojaribiwa kwa watoto wa Idete, katika bonde hili hili, ilielekezwa hasa kwa vimelea vilivyokwisha kuingia katika damu; matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, lakini majaribio ya baadaye kwingineko hayakuithibitisha. Chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, hulenga hatua ya awali, kabla kimelea hakijajificha katika ini.

Vimelea vikitoka kwenye ini huingia katika seli nyekundu za damu. Seli nyekundu haina kiini. Imejaa himoglobini ya kubebea oksijeni na huishi siku 120 hivi. Kimelea huila himoglobini hiyo, hugawanyika, na baada ya takriban saa 48 huipasua seli na kuvamia nyingine. Homa hupanda. Seli zinapopasuka kwa wingi mtoto hupungukiwa damu, midomo na viganja hupauka, na wengu huvimba kwa kazi ya kuchuja mabaki.

Hapa pana jambo lililo na uzito kuliko yote. Seli iliyovamiwa huota vinundu vidogo juu yake na kunata kwenye utando wa ndani wa kapilari. Hujiondoa, kwa hiyo, katika damu inayozunguka. Tone la damu lililotolewa kwenye ncha ya kidole linaweza kuonyesha vimelea vichache, au kutoonyesha chochote, ilhali vimejaa katika kapilari za ubongo au katika kondo la nyuma la mama mjamzito. Utafiti wa kianthropolojia uliofanywa Ifakara katika miaka ya 1990 ulikuta baadhi ya wakazi wakisema kwamba wachawi huweza kuvificha vimelea visionekane kwa hadubini. Mgonjwa akaambiwa hana malaria, hali anayo. Maelezo ya sababu yanatofautiana na ya maabara, lakini aliyeyatoa alikuwa ameona kitu cha kweli: kipimo kinasema hapana, na mtoto bado anaugua. Vipimo vya haraka vinavyotumika siku hizi husaidia kwa kiasi, kwa kuwa vingi hutafuta protini ambayo kimelea huimwaga katika damu, hata kama chenyewe kimejibanza kwingine.

Watu husema malaria imepanda kichwani. Usemi huu ni nusu sahihi. Tishu ya neva imeundwa na seli zenye matawi marefu ya kupeleka taarifa kwa umeme na kemikali, pamoja na seli nyingine za kuzilisha na kuzilinda. Kimelea cha malaria hakiingii ndani ya tishu hiyo. Hubaki ndani ya seli nyekundu, na seli nyekundu hubaki ndani ya mshipa. Lakini kapilari zikizibwa na utando wake ukavuja, ubongo huvimba na kukosa oksijeni, na seli za neva hazistahimili kuikosa hata kwa dakika chache. Tofauti na ini, seli ya neva ya ubongo iliyokufa kwa kawaida haipati mrithi. Baadhi ya watoto wanaopona malaria kali ya ubongo hubaki na kifafa, udhaifu wa viungo au ugumu wa kujifunza.

Kueleza haya kwa Kiswahili kunamlazimu mwandishi aliangalie neno mshipa. Neno hilo hubeba mzigo mkubwa: ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, kano huitwa mshipa na watu wengi, na katika matumizi ya zamani ngiri na busha pia viliitwa mshipa. Sentensi kama „malaria hushambulia mishipa ya kichwa” inaweza kusomeka kwa namna mbili zinazopingana, moja sahihi na nyingine si sahihi. Katika maandishi ya tiba ni afadhali kuandika mshipa wa damu kila mara kwa ukamilifu, na kutumia neva badala ya mshipa wa fahamu.

Neva zikivurugika, misuli ndiyo husema. Tishu ya misuli ina seli ndefu zinazoweza kujifupisha, nayo ni ya namna tatu: ya kiunzi, inayotii nia ya mtu, laini, iliyo katika utumbo, mishipa ya damu na mji wa mimba, isiyongoja amri, na ya moyo. Mtoto mwenye degedege hukakamaa na kutetemeka kwa sababu misuli ya kiunzi inapokea amri zisizo na mpango. Watazamaji huona misuli. Ugonjwa uko kwenye ubongo, chanzo chaweza kuwa katika damu. Jina lenyewe lilihusishwa na ndege au nondo mkubwa anayempitia mtoto, na tafiti za miaka ya 1990 katika sehemu kadhaa za Tanzania, Ifakara ikiwamo, zilionyesha kwamba wazazi wengi waliitenganisha degedege na malaria, wakaanzia kwa mganga, tena wengine waliogopa kwamba sindano ingemuua mtoto. Kwa familia iliyohamia shambani msimu wa mpunga, ikilala katika dungu mbali na zahanati, saa zilizopotea zilikuwa saa za tishu ya neva kufa. Ni vyema kuongeza kwamba si kila degedege ni malaria ya ubongo: homa kali peke yake huweza kuileta kwa mtoto mdogo, na mara nyingi hupita bila kuacha dosari. Nyumbani tofauti hiyo haionekani kwa macho.

Ng'ambo ya Mto Kilombero, katika milima ya Mahenge, kimelea kingine kinaunganisha tishu mbili zile zile kwa njia ambayo bado inachunguzwa. Minyoo ya usubi, inayoenezwa na nzi weusi wa kwenye mito iendayo kasi, huishi katika tishu unganishi chini ya ngozi, ndani ya vinundu vinavyoweza kupapaswa kwa vidole. Watoto wao hutembea katika ngozi na kufika hadi machoni. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliyeanza kuwatibu wenye kifafa wa Mahenge karibu na mwaka 1960, aliandika juu ya wingi wa ugonjwa huo na juu ya watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kama wanaosinzia. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kifafa cha namna hiyo ni kingi zaidi pale usubi ulipo mwingi. Namna mnyoo wa chini ya ngozi unavyoathiri tishu ya neva haijathibitishwa. Dawa ya ivermectin, inayogawiwa vijijini, huua watoto wa minyoo walio katika ngozi. Minyoo mikubwa iliyomo ndani ya vinundu huishi miaka mingi, na ndiyo sababu ugawaji hurudiwa mwaka hadi mwaka.