Laptopu ya mwanafunzi, Linux na swali la FIFA

Kila mwaka KUCCPS ikishatangaza nafasi za vyuo vikuu, nyumba nyingi za Pwani huanza kuulizana Nyeri iko wapi hasa na baridi yake yataka koti la namna gani. Watoto wa Likoni, Kisauni, Malindi na Lamu hupanda mlimani: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hapo Nyeri, Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka, Meru. Blanketi likishapatikana na sweta ikishashonwa, kinachofuata ni laptopu. Hapo ndipo mzazi huingia kwenye jambo ambalo hakuna aliyemweleza.

Laptopu anayoimudu mzazi wa kawaida si mpya. Ni ya mtumba, zile zinazoitwa ex-UK, ambazo makampuni ya Ulaya yamezitumia miaka minne au mitano kisha yakaziuza kwa jumla. HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Ukitembea Kimathi Way mjini Nyeri au Moi Avenue hapa Mombasa utazikuta zimepangwa dirishani kama maembe. Ni mashine ngumu, za chuma na kibodi nzuri, na nyingi zina maisha bado.

Tatizo ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Watumiaji wa nyumbani waliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa kujiandikisha. Kompyuta haizimiki siku hiyo, lakini matundu ya usalama yakigunduliwa hayazibwi tena. Na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inabagua: yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache sana. Sehemu kubwa ya mashine za mtumba ziko chini ya hapo. Mafundi wana njia za kuipenyeza Windows 11 kwenye mashine iliyokataliwa, na wengi hufanya hivyo, lakini Microsoft yenyewe imesema mashine za aina hiyo hazina dhamana ya kupata masasisho.

Hapo ndipo jina la Linux linapoingia. Ni mfumo endeshi huria: msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, tangu Linus Torvalds alipouanzisha mwaka 1991. Kuna matoleo mengi. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ndiyo inayojulikana zaidi kwetu, na wakongwe wa maabara za kompyuta watakumbuka enzi ambazo CD zake zilikuja bure kwa posta. Linux Mint hufanana zaidi na Windows kwa sura, na huridhika na RAM ya GB 4. Mashine ambayo Windows 11 imeikataa, Mint huipokea kwa mikono miwili na kuipa viraka vya usalama kwa miaka.

Kwa nini basi ukiingia hosteli yoyote ya wanafunzi pale Nyeri huikuti kwenye kila meza?

Jibu la kwanza ambalo watu hutoa ni ugumu. Silikubali sana. Mtoto aliyejifunza kutumia simu tatu tofauti kabla ya kumaliza shule hawezi kushindwa na menyu iliyohamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Jibu la pili ni kwamba Linux haina Word ya Microsoft. Hilo lina ukweli, hasa mhadhiri anapodai faili lisivunjike mpangilio, lakini LibreOffice hufanya kazi nyingi. Na sisi Waswahili tulikuwa na cha kujivunia hapa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na mtu hakuhitaji kuomba ruhusa.

Kuna jibu la tatu ambalo watetezi wa Linux wa Ulaya hawalifahamu vizuri. Kwao, hoja kubwa ni kwamba Linux haina bei. Kwetu, machoni mwa kijana, Windows nayo haina bei. Fundi huiweka, huifungua kwa programu ya kuvunja kufuli, na mteja hulipa ujira wa mkono tu. Bure dhidi ya bure, kijana atachagua kile ambacho rafiki zake wanacho. (Kama ni halali au si halali, Majma'u ya Fiqhi ya Kiislamu ilikwisha kulizungumza hilo katika kikao cha Kuwait mwaka 1988: haki za mtunzi na mbunifu ni mali inayolindwa kisheria na haifai kuzivamia. Khatibu akilisema juu ya mimbari siku moja sitalalamika.)

Lakini jibu lenye uzito kuliko yote ni gemu. Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu huko Nyeri. Mwenzake wa chumba, kijana wa Othaya anayesomea uhandisi, alimwekea Linux kwenye ThinkPad yake na akaipenda. Ilikuwa nyepesi, haikujizima katikati ya kazi ili ijisasishe, na somo la programu lilienda vizuri kwa sababu zana zote za kuandikia msimbo zimo. Baada ya wiki tatu akairudisha Windows. Nilipomuuliza akaniambia, "Mjomba, Linux ni nzuri mpaka Ijumaa usiku."

Ijumaa usiku ndiyo FIFA. Katika miji ya mlimani, jua likishatua na baridi ikashuka, burudani ya kijana asiye na pesa iko katika mambo mawili: banda la PlayStation au laptopu ya mwenye chumba. Anayekuwa na gemu kwenye laptopu ndiye mwenye baraza. Kumwondolea hilo ni kumwondolea watu.

Sasa tueleze kwa nini gemu hukataa, maana watu husema "Linux haichezi gemu" na hiyo si kweli tena. Gemu nyingi huandikwa kwa ajili ya Windows, na huzungumza na kadi ya picha kwa lugha ya Microsoft iitwayo DirectX. Linux haiijui lugha hiyo. Tangu mwaka 1993 kumekuwa na programu iitwayo Wine ambayo ni kama mkalimani: gemu husema Kiwindows, mkalimani hutafsiri. Kwa miaka mingi mkalimani huyu alikuwa mwenye kigugumizi. Mwezi Agosti 2018 kampuni ya Valve, wenye duka la gemu la Steam, ilitoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa mtafsiri wa picha anayegeuza DirectX kuwa Vulkan, lugha ya wazi ambayo Linux inaijua vizuri. Februari 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu ambayo ndani yake ni Linux tupu. Kuanzia hapo maelfu ya gemu za Windows yanakwenda kwenye Linux, mengine bila mchezaji kugundua tofauti. Oktoba 2025 watumiaji wa Linux katika hesabu ya Steam walipita asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni wachache bado, lakini si wale wa zamani wa kuhesabika kwa vidole.

Ila mkalimani haruhusiwi kuingia kila mlango. Gemu za kushindana mtandaoni zina programu ya kuzuia udanganyifu, tuseme bawabu. Bawabu wa kisasa hakai mlangoni. Hutaka kuingia hadi chumba cha ndani kabisa cha mfumo, kwenye kiini chenyewe, ili aone kila kinachopita. Kwenye Windows kiini kimefungwa na Microsoft ndiyo yenye ufunguo. Kwenye Linux mwenye kompyuta ndiye mwenye ufunguo, na akitaka anaweza kukibadilisha kiini chenyewe kimdanganye bawabu. Uhuru uleule unaosifiwa ndio unaowatisha wenye gemu.

Kwa hiyo FIFA, ambayo siku hizi huitwa EA Sports FC, imekuwa na bawabu wa EA kwenye kompyuta tangu FIFA 23, na bawabu huyo hazungumzi na Linux. Fortnite na Valorant ni hivyohivyo. Apex Legends ilikuwa ikifanya kazi, kisha tarehe 31 Oktoba 2024 wenyewe wakaifungia Linux wakisema wadanganyifu wanajificha huko. GTA ya mtandaoni ilifungwa Septemba mwaka huohuo, ingawa ile ya kucheza peke yako bado inaenda. Na tusidanganyane kwamba jambo hili haliwezekani kiufundi: Easy Anti-Cheat na BattlEye, bawabu wawili wakubwa, walikwisha kufungua njia ya Proton mwaka 2021. Ni mwenye gemu kuamua tu. Akiangalia asilimia 3 anaona haina faida, na kwa kuwa hafungui, asilimia haikui.

Lipo jambo jingine dogo ambalo sijaona likielezwa kwa Kiswahili, nalo linawagusa hasa wanunuzi wa mtumba. Mkalimani Proton hutegemea Vulkan, na kadi za picha zilizomo ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha 3 na cha 4 hazina Vulkan iliyokamilika. Kwa hiyo zile laptopu kuukuu kabisa, ambazo Linux inaziokoa kwa kazi za masomo, ndizo ambazo mkalimani wake wa gemu hukwama. Kijana huweka Linux kwenye EliteBook 840 G1, gemu linagoma, naye anailaumu Linux wakati tatizo ni umri wa mashine. Kizazi cha 6 na cha 7 ni habari nyingine: Vulkan ipo kamili, Windows 11 imezikataa, na bei imeshuka. Hizo ndizo ninazopendekeza kwa anayetaka kujaribu. Kizazi utakijua kwenye jina la prosesa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-4300U ni cha 4, i5-6300U ni cha 6. Muuzaji akikwambia "ni Core i5 hiyo" akanyamaza, mwambie amalizie jina.

Tena kuna gemu za mkononi, yaani zile ambazo vijana hutiliwa kwenye flashi katika duka la filamu. Hizo huja zimefungwa kwa ajili ya Windows, na mara nyingi zimevunjwa kufuli. Kwenye Linux huwa ni bahati nasibu. Hakuna duka hata moja nililoingia Nyeri wala Nanyuki linalouza flashi yenye gemu za Linux.

Kichekesho ni kwamba vijana haohao wamezungukwa na programu huria bila kujua. Simu ya Android mfukoni mwao imejengwa juu ya kiini cha Linux. PPSSPP, ile programu wanayochezea kandanda ya PSP kwenye simu, ni huria. Hata PlayStation 4 ya banda la Majengo, mfumo wake umetokana na FreeBSD, ndugu wa Linux, isipokuwa Sony wameufunga na kuweka jina lao. Huria imeshinda kila mahali isipokuwa mezani, na mezani imeshindwa kwa sababu kompyuta ikifika dukani tayari ina Windows, na hakuna mtu wa mauzo anayelipwa kuitetea nyingine.

Kwa mzazi, basi, swali la kumuuliza mtoto kabla ya kununua si "utasoma nini?" peke yake. Muulize pia anacheza nini, na umuulize bila kumgombeza, maana ukimgombeza atakuficha kisha atairudisha Windows iliyovunjwa kufuli wiki ya pili. Akikujibu Counter-Strike 2, Dota 2 au Minecraft ile ya Java, Linux haina shida nazo. San Andreas ya zamani huenda pia. Akikujibu FC ya mwaka huu, mashine ya kizazi cha 6 isiyo na kadi ya picha ya peke yake haitaibeba vizuri hata ikiwa na Windows, kwa hiyo aendelee na banda.

Na kwa yule anayesomea kompyuta au uhandisi pale Dedan Kimathi, ambapo kuna hata kiwanda kidogo cha teknolojia ya semikondakta ndani ya bustani ya sayansi ya chuo, Linux atakutana nayo tu, kwa sababu seva nyingi za dunia zinaendeshwa nayo. Anaweza kuziweka zote mbili kwenye diski moja na kuchagua kila anapowasha. Diski ya GB 256 inatosha, alimradi nakala za kazi zake zihifadhiwe kwanza mahali pengine kabla ya kuigawa diski.

Asiye na uhakika aijaribu bila kuiweka: Mint na Ubuntu huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Flashi ya GB 8 yatosha. Aangalie kama WiFi inashika, sauti inatoka na mwanga wa skrini unapungua, kisha afungue tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji huandika gemu gani linaenda na gani linagoma, na atafute jina la lake. Afanye hivyo angali nyumbani, kabla ya basi la usiku la kwenda Nyeri.